Redio ya kijijini kwetu iko Mbagala: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya habari na takwimu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya habari. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Na wakurugenzi wa halmashauri, hasa zile zenye vijiji vilivyo mbali na lami.

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika nikiwa kwenye meza yangu ya ufundi simu, Mbagala Rangi Tatu, barabara ya Kilwa. Nabadilisha vioo na mifumo ya chaji, nauza vocha, naweka na kutoa hela za watu, najaza nyimbo na muvi kwenye memori kadi. Kabla ya kuhamia mjini nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu kijijini kwetu, Kipatimu ndani huko, Milima ya Matumbi, wilayani Kilwa. Simu za kijijini na za mjini zote zimepita mkononi mwangu, na fundi simu, bila hata kufungua picha za mtu, anajua mengi. Spika iliyojaa vumbi la mkaa, simu hiyo inakaa jikoni. Tundu la chaji lililoliwa na chumvi, mwenyewe ni mvuvi. Betri iliyovimba mgongo, huyo anachajia kwenye sola ya bei rahisi isiyo na kidhibiti.

Nina jambo moja tu, ila lina matawi.

Watu wenu wakipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi huuliza: paa la nini, ukuta wa nini, choo cha aina gani, mnapikia nini, mnachota maji wapi. Kisha: kaya hii ina redio? Ina runinga? Ina simu? Mwenye nyumba anajibu, karani anatiki, anashukuru, anakwenda nyumba ya pili. Tiki zinajumlishwa. Halafu mtu ofisini anaona kwamba wananchi karibu wote wana simu, anaandika tangazo, analipandisha mtandaoni, na kwake kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Kaya kuwa na chombo ni habari moja, kaya kufikiwa na tangazo ni habari nyingine kabisa, na anayeziba pengo hilo kwa salio lake ni ndugu aliyeko mjini. Mmemfanya mtangazaji wenu, hamumlipi, na nadhani hata hamjui kwamba yupo.

Sensa ya Agosti 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, karibu theluthi mbili yetu tukiwa vijijini. Takwimu za TCRA za mwishoni mwa 2024 zilionesha laini za simu zaidi ya milioni 80 na usajili wa intaneti karibu milioni 48. Asiyeijua biashara hii atasema kila Mtanzania ana simu mpaka mtoto mchanga. Mimi ninayeziuza laini hizo nawaambieni zinavyofika huko. Dada mmoja muuza mihogo jirani yangu ana laini tatu: moja ya kupokelea hela za wateja, moja kwa kuwa bando lake la wiki ni nafuu, na ya tatu kwa kuwa ndiyo pekee inayoshika kijijini kwa mama yake. Mama mwenyewe anatumia laini isiyo na jina lake. Laini za zamani zilipoanza kufungwa Januari 2020 kwa ambao hawakujisajili kwa alama za vidole, yeye namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, alikuwa bado hajaipata, ikabidi isajiliwe kwa jina la mtoto wa kiume anayeishi Ikwiriri. Kwa hiyo vitabu vinasema kijana wa Ikwiriri ana laini mbili na bibi wa Kipatimu hana kitu. Ukimpigia kijana kwenye laini ya pili kumwambia habari ya mbolea, bibi ndiye anapokea.

Twende kijijini, maana huko ndiko hesabu zinakopotea njia.

Imetangazwa kwamba umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, nami sibishi, nguzo tunaziona. Ila kijiji ni vitongoji, na vitongoji ni zaidi ya 64,000. Kwetu umeme uko kwenye maduka, zahanati, msikiti na ofisi ya mtendaji. Ukiteremka bondeni, taa ni ya sola, moja sebuleni, basi. Ada ya kuunganishiwa ni shilingi 27,000, na hiyo ni nafuu kweli, sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Lakini kutandaza nyaya kwenye nyumba ya miti na udongo, na soketi, na mtu wa kuja kukagua, ni hela nyingine, nayo inasubiri ufuta uuzwe. Ufuta ukiuzwa, kuna bati. Bati linatangulia umeme kila mara. Mtu hawezi kuacha mvua imwagikie watoto ili awe na swichi ukutani.

Sasa simu. Kwenye kibanda changu kule zilikuwa zinapangwa juu ya ubao, kila moja imefungwa kipande cha plasta chenye jina: Mzee Ngwale, Mama Zuhura, Mwalimu wa Pili. Nyingi vitochi, simu ndogo za vitufe zisizo na intaneti. Mtu anaiacha asubuhi akienda shamba, anaichukua akirudi, na siku za gulio naweza kukaa nazo mpaka usiku. Maana yake saa za mchana simu ya kaya haipo kwenye kaya. Iko kwangu, imezimwa, inakula chaji. Ikirudi nyumbani inawashwa saa moja jioni, wanasubiri ujumbe wa mchana uingie, wanapiga wanakotaka, inazimwa ili chaji ifike kesho kutwa. Na mwenye kuiwasha ni baba. Mama ana namba zote kichwani lakini simu anaazimwa. Sisemi hivi kumsema vibaya baba yeyote, ndivyo kaya zilivyo. Ila ukituma ujumbe saa nne asubuhi kumwambia mama apeleke mtoto chanjo kesho yake, ujue umemwandikia fundi chaji.

Na redio? Hapa nawaombeni msome polepole, kwa sababu hili sijaliona limeandikwa popote. Redio nyingi mnazozitiki si redio. Ni spika zenye sola ubavuni, tundu la memori kadi na la flashi. Watu wanazinunua kwa ajili ya memori kadi. Mtu anakuja mezani kwangu na kadi yake: nijazie singeli upande mmoja, taarabu ya zamani kidogo, mawaidha ya sheikh fulani kwa ajili ya mama, kwaya kwa ajili ya shemeji. Kadi inasafiri kwa basi mpaka Njia Nne, inapanda bodaboda, inafika. Kuanzia hapo redio ile inaimba miezi mitatu bila kugusa stesheni yoyote. Siyo kwamba watu wamechoka kusikiliza habari. Mawimbi ya FM yananyooka, hayapandi mlima yakateremka upande wa pili, na sisi tumejenga mabondeni kwenye maji. Kule juu kwenye mwembe unashika stesheni mbili, bondeni unashika mkwaruzo. Zamani masafa ya kati na masafa mafupi yalikuwa yakiingia mpaka chini ya kitanda. Babu yangu alikuwa anaanika betri juani ili zipate nguvu za taarifa ya habari ya saa mbili. Leo mjukuu ana redio ya sola isiyoisha nguvu, na taarifa ya habari hana.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kinakuja pwani ya kusini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema na ikaendelea kuzitoa, hilo nawapa sifa bila kubania. Mimi niliziona kwenye simu hapa Mbagala, mvua ikiwa bado haijaanza. Nikapiga nyumbani: simu ya mjomba imezimwa. Nikapiga kwa mtendaji: haipatikani. Nikampigia mwenye duka mmoja Njia Nne, naye akamwambia kijana wa bodaboda anayepandisha unga, na kijana akapita nyumba hadi nyumba akisema, "Mbagala wamesema upepo unakuja, msilale karibu na mikorosho." Mbagala wamesema. Hakusema Mamlaka ya Hali ya Hewa wala redio ya taifa. Wakati huo huo kwenye magrupu ya WhatsApp zilikuwa zinazunguka picha za mawimbi makubwa ya nchi nyingine na sauti ya mtu asiyejulikana akisema Kilwa Masoko imeshazama. Hiyo sauti ilifika kijijini upesi kuliko tahadhari ya kweli, kwa sababu sauti ya WhatsApp mtu anaibeba kwenye simu na kuichezesha popote, ila tangazo la kiofisi lilikuwa karatasi iliyopigwa picha.

Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, abiria wakakwama huku na huku kwa siku kadhaa. Jumapili iliyofuata, tarehe 12, nyaya za intaneti zilizoko chini ya bahari zikakatika, na nchi nzima mtandao ukawa wa kubahatisha. Magrupu yote yakanyamaza. Vitochi vikaendelea kupiga na kupokea, na mwenye redio inayoshika akaendelea kusikiliza. Kama mnatafuta somo la mahali pa kuweka matangazo ya hatari, mwezi ule uliwapa bila ada.

Mtasema basi mjini hakuna shida. Mjini shida ni ya rangi nyingine.

Njooni kwenye nyumba ninayopanga. Vyumba sita, familia sita, mita ya LUKU moja, choo kimoja, bomba moja nje lenye kufuli. Umeme tunachangia kwa mwezi, na ugomvi wa nyumba nzima unaanzia hapo: mwenye friji alipe zaidi, mwenye pasi asipige pasi usiku, mwenye runinga kubwa anasema runinga haili umeme. Mwenye nyumba ameshatangaza kwamba jiko la umeme ni marufuku, kwa hiyo sote tunapikia mkaa barazani, na ukinunua gesi unaificha wasije wakadhani una hela. Hapa niseme kidogo: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Ni jambo zuri. Lakini matangazo yake ninayaona kwenye runinga yakimsemesha mpangaji ambaye mwenye nyumba kamkataza, na yule anayepikia kuni Kipatimu hana pa kuyaonea.

Kati ya vyumba sita, runinga ziko tatu. Jioni mlango wa chumba cha mbele unaachwa wazi, watoto wa nyumba nzima wanakaa kizingitini kuangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Saa mbili usiku, saa ya taarifa ya habari, baba bado yuko kwenye foleni na mama anamenya vitunguu huku sikio moja likiwa kwenye tamthilia. Mpira hauangaliwi nyumbani, unaangaliwa kibanda umiza, jero mlangoni, Simba na Yanga bei inapanda. Kifurushi cha king'amuzi kikiisha runinga haizimwi, inachomekwa flashi na muvi za kutafsiriwa. Karani akipita, anatiki: runinga, ipo.

Bando ndilo kalenda yetu. La siku, la jero, linanunuliwa saa mbili asubuhi na kufa kesho yake muda ule ule. Mtu mwenye MB mia mbili za kumfikisha usiku hafungui tangazo la kurasa tisa lililoskaniwa likiwa limelala ubavu. Anafungua vichekesho, kwa sababu vichekesho vinaanza wenyewe na vinamfurahisha. Kuna taasisi moja ya huduma hapa mjini, sitaitaja, ina utaratibu wa kupandisha ratiba ya mgawo wa maji kwenye Instagram. Wapangaji wenzangu wanaijua ratiba hiyo kwa njia moja: bomba linakohoa. Mwenye Instagram kwenye nyumba yetu ni binti mmoja wa kidato cha nne, na anafuata wasanii.

Kwa hiyo mjini tuna vyombo vingi na habari chache, kijijini wana vyombo vichache na habari wanazopata ni zile tulizozichuja sisi tusiozisikia vizuri. Nyumba yangu ya Mbagala na nyumba ya mama Kipatimu mnazihesabu kaya mbili, moja mjini, moja kijijini, kila moja na jedwali lake. Kwa habari ni kaya moja. Mimi ni antena yake. Mama akitaka kujua bei ya ufuta ananibipu.

Na ufuta ndio unaouma. Kwetu unauzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unasubiri mnada, bei inatoka, makato yanapita, hela inaingia. Mnada ukishafanyika bei inajulikana saa ile ile kwa mwenye simu janja. Kwa mwenye kitochi kilichozimwa bondeni inafika siku ya pili, ya tatu, ikiwa imepungua kidogo kila ilipopita. Katika siku hizo mbili tatu ndipo mtu wa kangomba, mlanguzi anayenunua nje ya mnada, anapopita na pikipiki na mizani yake. Anajua bei, mama hajui. Hamwibii kwa nguvu, anamwambia tu, "Bei imeshuka mama, bora uchukue hela mkononi." Mnatuma vyombo vya dola kukamata kangomba barabarani, sawa. Tangazo la dakika mbili redioni lingemkamata kila kitongoji.

Mbolea ya ruzuku nayo iko hivyo hivyo. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima anasajiliwa kwa mfumo wenye namba ya simu. Namba ya nani? Rudini kwa yule kijana wa Ikwiriri.

Serikali hii iliwahi kulijua jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote Afrika. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio zilikuwa chache mno kulinganisha na leo, kwa hiyo hawakuhesabu redio, walihesabu vikundi. Watu walikusanyika kuzunguka redio moja, kukiwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu cha kusoma pamoja, wakasikiliza kipindi, wakakizungumza, wakaamua cha kufanya: choo kichimbwe, madimbwi ya mbu yafukiwe, maji yachemshwe. Watu wazima kama milioni 2 walishiriki. Wazee wetu bado wanaonesha vyoo vya kipindi kile. Miaka ishirini baadaye, 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wa uzazi wa mpango na UKIMWI, na mpaka 1995 Dodoma iliachwa bila kurushiwa makusudi ili waliousikia walinganishwe na wasiousikia. Tofauti ikaonekana, waliousikia wakajiunga zaidi na uzazi wa mpango. Hayo ni ya hapa hapa nyumbani, na wataalamu wa nje wameyaandika mno. Sisi tumeyaweka kabatini.

Badala yake mwaka 2018 tuliona kinyume chake. Chaneli za ndani zisizolipiwa ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi kwa hoja ya leseni, kwamba wa dishi si kazi yake kuzibeba, azibebe mwenye king'amuzi cha antena. Kisheria huenda hoja ilikuwa imenyooka. Lakini mitambo ya antena iko mijini na pembeni ya miji. Dar es Salaam tulizimiwa analojia Desemba 31, 2012, tukahamia antena za dijitali bila shida kubwa. Dishi ni la mtu wa kijijini, ambaye mawimbi ya antena hayamfiki. Aliyekatwa taarifa ya habari ya nchi yake akabaki na katuni na mieleka ni yule yule aliyejinyima akauza mbuzi ili anunue dishi. Najua mambo yalirekebishwa baadaye. Nayataja kwa sababu uamuzi ule ungetoka tofauti kama mezani kungekuwa na mtu mmoja anayejua dishi linakaa kwenye paa la nani.

Naomba nini, basi?

Ofisi ya Takwimu, ongezeni maswali kwenye dodoso, na punguzeni mengine kama muda hautoshi. Msiishie kwenye "ina redio?" Ulizeni: jana ilishika stesheni gani? Simu hii saa hizi iko wapi, na ikilia nani anapokea? Wiki hii mmesikia tangazo gani la serikali, na mmelisikia kutoka kwa nani? Jibu la swali hilo la mwisho likiwa "kwa mtoto wangu aliyeko Mbagala", andikeni hivyo hivyo. Mkishalijumlisha nchi nzima, mtajua kazi mliyotuachia.

TCRA, minara inajengwa, tunaiona. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mnara ukishasimama mlimani na umeme wake na mlinzi wake, pandisheni hapo hapo kisambazaji cha redio ya taifa ili bondeni kusikike. Mnara wenyewe, kukiwa na hatari, unaweza kutuma ujumbe kwa kila simu iliyo karibu yake, kitochi kwa simu janja, bila namba ya mtu, bila bando. Teknolojia hiyo ipo duniani na haisumbui. Makampuni ya simu yananitumia ujumbe wa bahati nasibu kila asubuhi bila kukosa, kwa hiyo msiniambie njia ya kunifikia haijulikani.

TBC, najua mna mengi na fedha haitoshi. Ila saa zenu za kumsemesha mkulima ziwe saa ambazo mkulima yuko nyumbani. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu, kisha alfajiri kabla ya jembe. Kipindi cha kilimo cha saa tano asubuhi kinasikilizwa na mafundi cherehani.

Wakurugenzi wa halmashauri, nanyi mna la kwenu. Mmewaweka wenyeviti wa vitongoji kwenye magrupu ya WhatsApp, mnawatumia barua humo, na mkiona tiki mbili mnaona ujumbe umefika. Mwenyekiti wa kitongoji halipwi mshahara. Simu yake imepasuka kioo, najua kwa sababu nimeitengeneza. Bando ananunua kwa hela ya kiroba cha mihogo. Zamani mbiu ya mgambo ikilia kila mtu alijua kuna jambo, na mpiga mbiu hakuambiwa anunue mbiu mwenyewe. Tengeni fungu la vocha za wenyeviti kwenye bajeti, liandikwe kwa jina lake, lisomwe mkutano mkuu wa kijiji. Kipaza sauti kimoja cha sola kwa kila kitongoji hakifiki hata bei ya tairi za gari la mkurugenzi, na sisemi hivyo kwa kejeli, bei ya tairi hizo naijua kwa kuwa fundi wake ni jirani yangu.

Na tangazo liwe la sauti. Mtu yeyote ofisini kwenu mwenye Kiswahili cha kawaida alisome kwenye simu kwa dakika moja, ataje ofisi, tarehe na wilaya, alirushe. Likiwa na sauti ya kweli na tarehe, lile la uongo litakuwa na mshindani. Sasa hivi linakimbia peke yake.

Msimu wa ufuta uko karibu. Kabla ya mnada wa kwanza, naomba bei ya kila mnada isomwe redioni jioni ile ile, ghala kwa ghala, na irudiwe alfajiri. Mkilifanya hilo moja tu msimu huu, mimi huku Mbagala nitajua bila kuambiwa: mama hatanibipu kuniuliza bei, atanipigia kunitajia.

Wenu mtiifu,
Fundi simu na wakala, Mbagala Rangi Tatu